Klabu ya kaktasi: watu wanafanya nini huko, na asiyejua hata jina moja la Kilatini anakaribishwa?

Msomaji kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo tu: "Nina kaktasi na sakulenti kama ishirini hivi, nyingine zimekufa kwa kuoza na mpaka leo sijajua shida ilikuwa nini. Rafiki kaniambia nijiunge na klabu ya wapenda kaktasi ila sielewi watu wanakutana mwezi hadi mwezi wanafanya nini, si unamwagilia tu na kuweka juani? Alafu majina yale ya Kilatini siyajui, naogopa kuonekana sijui kitu. Kuna faida kweli au niendelee na video tu? Na kuna mtu mtandaoni anauza Copiapoa kubwa ya zamani, anasema imetoka porini kabisa, ninunue?"

Asante sana kwa swali, nimefurahi umeyaleta yote kwa pamoja maana ukiangalia vizuri yanaungana, hata hilo la Copiapoa, kaktasi ya Chile.

Nianze na hofu ya majina maana ndo inawazuia wengi. Hakuna klabu ya maana inayompima mgeni kwa Kilatini. Majina yapo, sikatai, na mwanzoni yatakuchanganya, lakini hata waliokaa miaka mingi yanawachanganya kwa sababu wataalamu wanayabadilisha kila wakigundua undugu mpya kati ya mimea. Sansevieria zote siku hizi zimehamishiwa kwenye Dracaena, Notocactus zimeingizwa kwenye Parodia, Haworthia nayo mwaka 2013 ikagawanywa, nyingine zikaitwa Haworthiopsis na nyingine Tulista, kwa hiyo utakuta mkutanoni mzee anataja jina la zamani, kijana anataja jipya, na wanaelewana vizuri tu. Wewe nenda useme "ile ya mviringo yenye miiba ya njano" inatosha, kuna mtu atakuambia ni ipi, na ukishasikia jina mara tatu nne huku unaushika mmea wenyewe halikutoki tena. Jina linakusaidia jambo moja kubwa, ukishalijua unaweza kutafuta mmea unatoka wapi duniani, na ukijua unakotoka umeshajua nusu ya namna ya kuutunza.

Na hapo ndo ilipo tofauti ya klabu na video. Video inakufundisha mimea kwa jumla, klabu inakupa mmea huu hapa pamoja na habari zake: umetoka wapi, nani kauotesha, mwaka gani, unalala msimu gani, mama yake anafananaje akiwa na miaka thelathini. Mi naona karibu kila kinachofanyika kwenye hizi klabu, kuanzia kubadilishana vipandikizi mpaka mashindano, ni njia ya kuhakikisha mmea na habari zake vinapita mkono kwa mkono bila kuachana.

Sasa tuje kwenye kuoza. Umeniambia zimeoza lakini hukusema ni aina gani, zilikuwa kwenye udongo gani na mara ya mwisho kuzipa maji ilikuwa lini, na hayo ndo maswali matatu ambayo mtu mzoefu angekuuliza kabla hajakaa chini. Mimea hii mingi inafungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, sio mchana. Gizani inavuta kaboni daioksaidi na kuihifadhi kama asidi, alafu mchana imejifunga kabisa inaitoa ile akiba na kutengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ndo maana inapoteza maji kidogo sana. Ni ufundi wa ajabu huu, na ndo huo huo unaoiponza kwenye chungu, kwa sababu mmea usiopoteza maji haunywi kwa haraka pia, basi maji yanabaki kwenye udongo siku nyingi, mizizi inakosa hewa, fangasi wanaingia kwenye mzizi uliokwisha dhoofika, na wewe juu huoni kitu mpaka siku unaigusa unakuta laini. Udongo wa kawaida wa maua peke yake haufai. Angalau nusu ya mchanganyiko iwe kitu kisichoshika maji kwa muda mrefu, kokoto ndogo, mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa, au mchanga wenye chembe kubwa uliooshwa, na ule mchanga laini kama unga usiuweke maana unaziba nafasi zote za hewa.

Alafu kuna suala la msimu, na hapa ndo video nyingi zinapowapoteza watu kwa kusema mwagilia kila baada ya wiki mbili. Mmea upi sasa? Lithops, zile zinazofanana na mawe, za Namibia na Afrika Kusini, zina jozi moja tu ya majani, na jozi mpya ikianza kutoka katikati inanyonya maji ya ile ya zamani mpaka ya nje inakauka inabaki ngozi nyembamba tu. Ukiipa maji wakati huo majani ya zamani hayakauki, unabaki na jozi mbili zinagombania nafasi, umbo linaharibika na mara nyingi inaoza. Adenium yenyewe ikiwa kwenye joto na ina majani inakunywa maji mengi tu, ila ikishadondosha majani kwa sababu ya baridi unaiachia kabisa. Aeonium nyingi zinakua kipindi cha ubaridi na zinapumzika joto likizidi. Hizo ni tatu tu, zote watu wanaziita sakulenti, yaani mimea inayojiwekea maji kwenye majani au shina, zote ziko dirisha moja kwa mtu mmoja, na kila moja ina ratiba yake. Kwa hiyo ukiwa na ishirini na unazimwagilia zote siku moja kwa kipimo kimoja, lazima kuna ambazo zitaondoka.

Kwenye mikutano ya klabu nyingi kuna meza au muda wa kuleta mmea mgonjwa, na mi naipenda kuliko hata mada kuu ya siku hiyo. Mtu anautoa mmea kwenye chungu mbele ya wote, udongo unapukutishwa, mizizi inaonekana. Mara nyingi jibu liko hapo chini. Unakuta unga mweupe na vitu kama pamba kwenye mizizi, hao ni vidung'ata wa mizizini, na mwenye mmea alikuwa anadhani ana tatizo la maji kumbe mmea unanyonywa. Wale wa juu, kwenye makwapa ya miiba, unawagusa mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, na unarudia baada ya siku kadhaa maana mayai hayafi yote. Kuna utitiri wekundu, wadogo mno, ambao huwaoni mpaka uone kovu la kahawia linaanzia kwenye kichwa cha kaktasi, na kovu hilo halifutiki tena, mmea inabidi ukue ulipite. Haya yote unaweza kuyasoma ndiyo, lakini ukishaona mara moja kwa macho, mzizi mzima uko pembeni ya mzizi mgonjwa, jicho lako linabadilika na ukirudi nyumbani unaanza kuziona dalili mapema.

Kuokoa iliyooza pia wanakufundisha kwa vitendo. Unakata juu ya palipooza, unaufuta wembe kwa spiriti, unakata tena, unaufuta tena, mpaka ule mduara wa mishipa katikati ya shina uwe safi hauna hata doa la rangi ya kutu. Doa moja likibaki ugonjwa unaendelea kupanda. Kipande kinaachwa kivulini kikauke kidonda, chembamba siku chache, kinene hata wiki kadhaa, ndo kinawekwa kwenye kokoto kavu kisubiri mizizi. Watu wanaharakisha hapo, wanapanda kidonda kibichi, kinaoza upya.

Kama una Euphorbia, mmea ambao watu wanaudhania kaktasi, na kwenye ishirini sishangai ukiwa nazo mbili tatu, tofauti yake na kaktasi ni kwamba kaktasi zote zina kile kitako kidogo chenye manyoya ambapo miiba inatokea kwa pamoja, Euphorbia haina, na ukiikwaruza inatoa utomvu mweupe. Utomvu huo usiuchezee. Ukiingia jichoni unaumiza vibaya sana, suuza kwa maji mengi muda mrefu na uende hospitali. Vaa miwani unapozikata. Nimeona niseme maana watu wanazikata mikono mitupu.

Tuendelee na wanachofanya. Kuna kubebesha, yaani kukata kichwa cha mmea mmoja na kukiweka juu ya shina la mwingine. Umeziona zile kaktasi zenye mpira mwekundu au wa njano juu ya shina la kijani, ule mpira ni Gymnocalycium mihanovichii iliyozaliwa bila kijani cha majani, peke yake haiwezi kujitengenezea chakula, ingekufa changa, inaishi kwa sababu imebebeshwa. Lakini wapenzi wa kaktasi wanabebesha kwa sababu nyingine pia: mche wa mbegu adimu unaokua taratibu mno ukiwekwa juu ya Pereskiopsis unaweza kukua kwa miezi kadhaa kiasi ambacho kwa mizizi yake ungehitaji miaka, na kipande cha mwisho cha mmea uliooza chini kabisa kinaokolewa kwa kubebeshwa. Siri yake ni ile miduara ya mishipa ya juu na ya chini ikutane, hata kwa sehemu tu, na ufanye haraka kabla kidonda hakijakauka, ukishaona mtu mzoefu anafanya utajua kwamba mkono mwepesi unashinda vifaa vya gharama.

Sasa kitu ambacho mtu mwenye mimea nyumbani peke yake hakipati kabisa, hata awe na video elfu, ni chavua. Kaktasi nyingi na Lithops karibu zote hazijirutubishi zenyewe, zinataka chavua ya mmea mwingine wa aina ile ile, na asiwe pacha wake aliyetokana na kipandikizi cha mmea huo huo maana hao kimaumbile ni mmoja. Astrophytum asterias yako inaweza kutoa maua kila mwaka miaka kumi usione mbegu hata moja. Ukiwa na mwenzako kwenye klabu ambaye yake imetoa ua wiki hiyo hiyo mnakutana na brashi ndogo ya kuchorea, mnahamisha chavua, na baada ya muda tunda linavimba. Watu wengine wanakausha chavua na kuiweka kwenye friji isubiri ua la mwenzao. Zipo zinazojitegemea, Frailea kwa mfano inaweza kutengeneza mbegu hata ua halijafunguka, ila hizo ni chache, kwa nyingi bila jirani hakuna kizazi. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini watu wanakutana, hata mimea yenyewe inahitaji wakutane.

Mbegu zikipatikana zinaingia kwenye mgao wa mbegu wa klabu, wanachama wanaleta, zinasafishwa, zinaandikwa, zinagawiwa. Na kuotesha sio kazi ngumu kama watu wanavyodhani, inataka utulivu tu. Udongo uliochemshwa au kupitishwa kwenye mvuke kuua vijidudu, mbegu zinawekwa juu bila kufukiwa, chungu kinafungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, joto kati ya nyuzi 20 na 30, mwanga bila jua kali, na unaacha. Mbegu mbichi ya Astrophytum inaweza kuota ndani ya siku mbili tatu, mbegu za Opuntia zenye ganda gumu zinaweza kukuchosha miezi. Miche inakaa humo wiki nyingi, alafu unaanza kufungua mfuko kidogo kidogo izoee hewa. Wengi wanapata mshangao kwamba mche wa kaktasi haupendi jua kali. Ukienda kwenye makao yake unaelewa kwa nini: kule Arizona ya Marekani na Sonora ya Mexico saguaro mchanga, ile kaktasi ndefu kama mti, anaanzia maisha chini ya kivuli cha mti mwingine, mara nyingi palo verde, na miaka 8 ya mwanzo anaweza kuwa na urefu wa sentimita 4 tu. Huyo ndo baadaye anapita mita 12 na mkono wa kwanza anautoa akiwa na miaka 50 mpaka 75, wengine zaidi. Mada za picha za safari kwenye mikutano zina kazi hiyo, sio za kujionyesha tu (japo wapo wanaoonyesha picha mia mbili za jiwe moja, uvumilie), unaona mmea unaoupa jua kutwa kumbe kwao unakaa chini ya kichaka, au ule unaoubembeleza na mbolea kumbe kwao umejipachika kwenye ufa wa mwamba.

Nimesema habari za mmea, ngoja nikae hapo kidogo maana ndo moyo wa jambo lenyewe. Ukienda kwa mwanachama wa siku nyingi utaona lebo zake zina jina, alafu herufi na namba. Hiyo ni namba ya ukusanyaji. Mtu fulani alienda porini, akaandika mahali alipouona ule mmea au alipochukua mbegu, akaupa namba, na mimea yote iliyotokana na mbegu zile inabeba namba ile, ni kama cheti cha kuzaliwa. Mfano ninaoupenda ni wa Desmond Cole. Huyu alikuwa profesa wa lugha za Kibantu pale Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kazi yake ilikuwa sarufi ya Kitswana, lakini yeye na mkewe Naureen walizunguka Afrika ya kusini miaka na miaka wakitafuta Lithops na kuandika kila eneo kwa namba, na leo mtu aliye bara jingine kabisa akiona lebo ya Lithops yenye C na namba yake anajua kundi lile lilikuwa likiishi wapi. Sasa wewe ukiwa na mbili zenye namba moja ukazirutubisha, mbegu zake bado zina thamani kama kumbukumbu ya lile eneo. Ukichanganya na isiyojulikana utapata mmea mzuri tu wa kuangalia, hakuna ubaya, ila ile habari imekatika hapo na hairudi. Ndo maana ukiazimwa au kupewa kipandikizi klabuni ukapoteza lebo watu wanasikitika kweli, usidhani wanakuonea.

Angalia kilichoipata Echinocactus grusonii, ile mpira mkubwa wa miiba ya njano ambayo iko kwenye bustani dunia nzima. Kwao Mexico iko hatarini kutoweka, wachimbaji waliimaliza, na bwawa la Zimapán lililojengwa miaka ya 1990 lilifunika sehemu ya makao yake. Mimea ya bustanini haihesabiki, lakini mingi haina mtu anayejua imetokana na kundi lipi la porini.

Mashindano na maonyesho nayo watu wanayaelewa vibaya, wanadhani ni nani ana mmea mkubwa. Waamuzi wanaangalia afya kwanza, mdudu mmoja tu amekutoa, alafu umbo, kwamba mmea haujalalia upande mmoja kwa kukosa mwanga, alafu ugumu wa kuufikisha hapo, Ariocarpus ya saizi ya kikombe inaweza kuishinda Echinopsis kubwa kama ndoo kwa sababu ile imechukua miaka mingi ya subira. Jina lililoandikwa sawasawa lina alama zake, na hata chungu na vijiwe vya juu vinaangaliwa. Klabu nyingi zinataka mmea uwe umekaa kwako muda fulani, mara nyingi miezi sita, ili mtu asinunue leo akashinda kesho. Zipo ngazi za wanaoanza, mi nakushauri uingie mwaka wako wa kwanza hata kama huna matumaini ya kushinda, kwa sababu mwamuzi akikuelekeza kwa nini mmea wako umekosa alama unapata somo ambalo limekatwa kwa kipimo chako.

Kuna usiku mmoja kwa mwaka ambao wenye Selenicereus grandiflorus wanawaita wenzao nyumbani, maana ua lake linafunguka giza likiingia na asubuhi limeshanyauka. Ukialikwa nenda.

Nyingine ni kazi ya kuokoa mimea. Klabu ya Tucson kule Arizona tangu 1999 ina kikosi cha kwenda kwenye maeneo yanayotaka kujengwa barabara au nyumba, kwa kibali cha mwenye ardhi na cha serikali, wanang'oa kaktasi kabla tingatinga halijapita na zinapata pa kuishi. Angalia hapo neno kibali, maana linatupeleka kwenye Copiapoa yako.

Usinunue. Nakuomba kabisa. Mwaka 2015 ilitoka tathmini ya kaktasi karibu zote zinazojulikana, aina 1,478, na ikaonekana asilimia 31 ziko kwenye hatari ya kutoweka, na moja ya sababu kubwa ni kuchimbwa kwa ajili ya wakusanyaji, yaani watu kama mimi na wewe. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata kaktasi zaidi ya 1,000 za jangwa la Atacama, Copiapoa na ndugu zake Eriosyce, nyingi zikiwa na umri mkubwa sana, na mamia yake yakarudishwa Chile mwaka uliofuata. Hizi Copiapoa zinaishi kwa ukungu unaotoka baharini mahali ambapo mvua inaweza isinyeshe miaka, zinakua kidogo kidogo mno, kwa hiyo ikichimbwa moja kubwa, hata maisha yote ya mnunuzi hayatoshi kuirudisha. Na kisheria biashara ya kaktasi kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES ulioanza kutumika 1975, familia karibu yote imo, baadhi ziko kwenye daraja la juu ambapo mmea wa porini hauuzwi kabisa kibiashara. Kibali kisipokuwepo muuzaji na mnunuzi wote wako kwenye matatizo.

Achana hata na sheria. Mmea mzee wa porini ukikatwa mizizi na kusafirishwa mara nyingi haujishiki tena, unakaa mwaka au miwili unatumia akiba yake huku wewe unadhani unaishi, alafu unaondoka. Copiapoa ya mbegu iliyokulia kwenye chungu tangu siku ya kwanza inakubali maisha ya chungu. Dalili za aliyechimbwa ni sehemu ya chini iliyokakamaa kama gamba la mti, makovu ya zamani, umbo lisilo sawa, mizizi mifupi iliyokatwa, na muuzaji asiyeweza kusema ilioteshwa lini na nani. Wako amekuambia mwenyewe bila hata kuulizwa. Ukiitaka Copiapoa, na ni kweli ni nzuri mno, klabuni kuna mtu ana miche yake, na ndo faida kubwa ya hizi klabu kwa mimea yenyewe, kila mche uliooteshwa na mwanachama akaugawa ni sababu moja iliyopungua ya mtu kwenda kuchimba.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kutotupa ovyo. Opuntia iliyoachiwa Australia ilifikia kufunika kama hekta milioni 24 kwenye miaka ya 1920, wakaokolewa na viwavi wa nondo anaitwa Cactoblastis walioletwa katikati ya miaka hiyo wakaila. Kipande kimoja kikidondoka kinaota. Vipandikizi ulivyozidiwa navyo peleka meza ya kubadilishana, usitupe kichakani.

Historia yao ni ndefu, Wajerumani walianzisha chama chao 1892, Wamarekani 1929 kule Pasadena, na mengi ya haya ninayokuambia yamehifadhiwa na watu wa namna hiyo waliokuwa na kazi zao nyingine, walimu, mafundi, madaktari, wakikutana jioni kuangalia mizizi. Kama hakuna klabu karibu na unapokaa, watu watano wenye mimea wanatosha kuanza, mkianza na vitu viwili tu, meza ya mgonjwa na meza ya kubadilishana, mengine yatakuja.

Siku ya kwanza usiende na mmea wako mzuri kuliko yote. Nenda na chungu cha ile iliyooza kama bado hujakimwaga, na udongo wake vile vile ulivyo, pamoja na picha ya mahali ilipokuwa inakaa. Utauliza swali moja tu na utapata majibu ya watu wanne, yatapishana kidogo, sikiliza zaidi yule anayekuuliza maswali kabla hajajibu. Ukipewa kipandikizi pokea, kwenye klabu nyingi mgeni haondoki mikono mitupu, na hapo hapo kabla hujasahau andika lebo: jina, namba kama ipo, nani kakupa, na tarehe. Andika kwa penseli kwenye plastiki, kalamu ya wino jua linaifuta ndani ya msimu mmoja, na lebo ya pili izamishe ndani ya udongo, kwa sababu ile ya juu itavunjika au mtoto ataing'oa.